Vichupa Vitano vya Shemeji

"Imenyooka!"

"Haijanyooka! Nimeweka kalamu juu yake, imebingirika mpaka sakafuni!"

"Rafu imenyooka, meli ndiyo imepinda! Na nani kakwambia uweke kalamu kwenye rafu ya—"

"Na huo unga wa msumeno wako, umejaa mpaka—"

"—rafu ya vitabu! Weka kitabu uone kama kitabingirika!"

"—mpaka kwenye chai yangu! Mwaka mzima nakunywa mbao!"

"Ndiyo maana umekuwa mgumu!"

Inspekta alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara, ndani ya meli iliyofungwa gatini, kitambulisho mkononi, akisubiri mwanya wa kuingiza salamu. Mwanya haukuwepo. Kabla ya kuletwa hapa kwenye Taasisi ya Bahari alikuwa ametumikia miaka kumi na tisa katika kitengo cha wizi wa mifugo, na huko alijifunza kwamba mafahali wakipigana huingii katikati. Unaangusha kitu. Akatafuta kwa macho, akaona ndoo ya bati karibu na sinki, akaipiga teke.

Kimya kikashuka. Ndoo ikamalizia kuzunguka.

"Hamjambo," alisema Inspekta. "Mwizi ni nani hapa?"

"Huyu," walijibu wote wawili, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Inspekta akafungua daftari, akaandika: *Washukiwa wawili. Wanashirikiana.*

Wa kwanza alikuwa mzee mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate. Huyo ndiye mkuu wa maabara ya meli, na jina lake la kazini lilikuwa Spiriti, kwa sababu kila alichokigusa alikifuta kwa spiriti kwanza, na baada ya kukigusa alikifuta tena. Wa pili alikuwa fundi seremala wa meli, mnene, penseli sikioni, nywele zimejaa chembe za mbao. Huyo walimwita Randa. Alikuwa amemwoa mdogo wake Spiriti miaka kumi na minne iliyopita, na inasemekana ugomvi huu ulianzia kwenye posa.

"Samahani, Afande." Sauti ya tatu ilitoka nyuma ya friji. "Nafikiri unanitafuta mimi. Mimi ndiye ninayeitwa mwizi."

Alikuwa ameketi juu ya kreti, dada wa miaka thelathini na kitu, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Jina lake pale lilikuwa Mtarajiwa. Alikuwa daktari mtarajiwa, wa shahada si wa sindano, kwa mwaka wa saba sasa, na watu walishaanza kuona kwamba neno hilo limemkaa kuliko la kwanza.

"Kamati ya shahada inakutana saa nane mchana," alisema. "Wakikubali kwamba namba zangu nimezipika, wananifuta. Miaka saba, Afande. Ninafutwa kama ubao."

Inspekta akatazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu.

"Nyie wawili, tokeni," aliwaambia mashemeji. "Mmoja mlango huu, mwingine ule. Nikisikia neno 'rafu' nawafunga pingu moja."

* * *

"Nieleze," alisema Inspekta, "kama unamweleza mtu anayejua mbuzi tu."

Mtarajiwa akavuta pumzi.

"Maji ya bahari yana kaboni ndani yake, imeyeyuka, haionekani. Kila mwezi meli yetu inakwenda mahali palepale, mbali, bahari kuu, unazungusha macho pande zote huoni hata kichuguu. Inachota maji. Safari kumi na mbili kwa mwaka. Sasa, msimu wa joto, safari ya tano mpaka ya tisa, kaboni ya maji ya juu inapungua. Kitu kinaila."

"Kitu gani?"

"Ndipo penye kesi. Kuna mimea midogo ya bahari inayokula kaboni, lakini haiwezi kula bila mbolea, na mbolea imekaa chini, kwenye giza na baridi. Msimu wa upepo bahari inakorogwa, mbolea inapanda juu, kila mtu anakula. Msimu wa joto maji yanatulia. Yale ya moto yanakaa juu kama mfuniko, mbolea inabaki imefungiwa chini. Shamba kavu. Hakuna anayetakiwa kuweza kula. Na bado kaboni inaliwa."

"Malisho hayapo na mbuzi wananenepa."

"Hapohapo, Afande."

"Basi kuna anayewalisha kwa siri."

"Wanajilisha!" Mtarajiwa akainuka, kompyuta ameiinua hewani. "Kuna bakteria wanaoishi kwa jua kama majani. Hewa hii tunayovuta, sehemu kubwa ni naitrojeni, na nyingine imeyeyuka baharini. Mimi na wewe haitusaidii kitu. Wao wanaishika, wanaigeuza mbolea, mbolea yao wenyewe. Kwa hiyo joto likija, wengine wote wakifa njaa, wao wanakula kaboni kama wako harusini."

"Wanatembea na shamba mgongoni."

Mtarajiwa akatafuta kalamu. "Naweza kuiiba hiyo sentensi?"

"Ukiiiba nitakukamata. Endelea. Sasa hao bakteria mmewapata?"

Hapo Mtarajiwa akaketi tena. Alimweleza kwamba kila safari vinachotwa vitu viwili. Kwanza vichupa vidogo vya kupima kaboni, vinavyotiwa sumu na kuzibwa hukohuko baharini, havifunguliwi mpaka mashine. Pili chupa kubwa za lita kumi, ambazo Spiriti huzichuja kwenye karatasi nyeupe za duara, na kinachobaki juu ya karatasi ndio viumbe wenyewe. Vichupa vidogo vilisema: kaboni imeliwa, safari ya tano hadi ya tisa. Karatasi za chupa kubwa zilisema: hakuna mlaji.

"Nyeupe pee," alisema. "Karatasi za miezi mitano, unaweza kuziandikia barua. Kwa hiyo Kamati inasema kama mlaji hayupo, basi hata kuliwa hakupo. Nimezipika namba za kaboni ili nadharia yangu isimame."

"Umezipika?"

"Afande, mimi hata chai naunguza."

Inspekta akaandika. "Na huko baharini, wakati wa kuchota, ulisimama wapi?"

Mtarajiwa akatazama vidole vyake. Akatazama friji. Friji haikumsaidia.

"Sikuwepo."

"Safari ipi?"

"Zote. Bahari inanitapisha. Nimekwenda mara moja, mwaka wa kwanza, na kitu pekee nilichokiona ni ndani ya ndoo. Tangu hapo nimewaandikia maelekezo, nikayabandika pale."

Alionyesha ukutani. Karatasi ilikuwa imefunikwa plastiki, imepauka, na plastiki yenyewe ilinukia spiriti. Inspekta akaisoma yote, kwa sababu alisoma kila kitu, hata maandishi ya chini ya sabuni. *Vaa glovu. Andika namba ya safari. Acha chupa itulie nusu saa. Hakikisha maji ni safi, hayana uchafu wowote unaoelea. Chuja polepole.*

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Aliingia Profesa, mkuu wa Taasisi, tai yake imetangulia kidogo.

"Wewe ndiye waliyemleta?" alisema. "Niliomba mtu wa takwimu. Wakaniletea wa mbuzi."

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Huyu nampenda kama mwanangu, lakini Kamati haipendi watoto wa mtu. Saa nane kamili nataka neno moja tu kutoka kwako. Zimepikwa au hazikupikwa."

"Hayo ni maneno mawili."

"Chagua moja," alisema Profesa, akaondoka na tai yake.

Inspekta akafunga daftari. "Nina kanuni moja tu," alimwambia Mtarajiwa. "Mbuzi hapotei. Mbuzi huhamishwa. Ukiona zizi tupu usitazame zizi, tazama nani anakula nyama. Nani anagusa hizo chupa kubwa?"

"Spiriti peke yake. Lakini Afande, yule hawezi. Yule anaomba radhi kwa vumbi kabla ya kulifuta."

"Na nani anamchukia Spiriti?"

Mtarajiwa akatazama dirishani. Nje, kutoka upande wa gatini, msumeno ulianza kulia.

* * *

Karakana ya Randa ilikuwa kibanda cha mabati kando ya meli. Ndani hapakuwa na mahali pa kuweka mguu bila kukanyaga mbao, na hapakuwa na mbao bila jina la mtu aliyeahidiwa kitu: *kabati la Profesa*, *kiti cha mlinzi*, *mlango wa mama mkwe (mwakani)*.

"Daftari la kazi unalo?" aliuliza Inspekta.

"Ninalo. Shemeji aliniambia mafundi hatujui kuandika, nikaanza kuandika kila kitu. Hasira tu."

Inspekta akalisoma akiwa amesimama. Safari ya kwanza: *upepo, nimelala*. Ya pili: *upepo, nimetapika, nimelala*. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Ya tano: *shwari, nimekata mbao staha ya nyuma siku mbili*. Ya sita: *shwari, nimekata mbao*. Ya nane, ya tisa: *shwari, nimekata mbao*. Ya kumi: *upepo, tena*.

Akahesabu kwa kalamu. Miezi ya msumeno ndiyo miezi ya karatasi nyeupe.

"Fundi," alisema polepole, "kila bahari ikitulia, wewe unakata mbao. Na kila ukikata mbao, chupa za shemeji yako zinakuwa tupu."

"Na kila jogoo akiwika jua linachomoza. Mkamate jogoo."

"Staha ya nyuma na dirisha la maabara ni hatua ngapi?"

"Sita. Kwani vipi?"

"Mtu mwenye hasira anaweza kunyoosha mkono."

Randa akaweka msumeno chini, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Afande! Mimi nakata mbao bahari ikitulia kwa sababu meli ikiyumba sitakata mbao, nitakata hivi." Akainua mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vinne na nusu. "Nusu hii iko baharini tangu mwaka juzi. Safari ya pili. Shemeji alikifuta kidonda kwa spiriti, nikapiga kelele mpaka nahodha akapunguza mwendo. Akasema eti nilikuwa nachafua sakafu!"

"Safari ya saba haimo humu."

"Sikwenda. Jino." Akafungua mdomo, akaonyesha pengo. "Lilivimba, nikabaki nchi kavu wiki nzima nyumbani. Muulize mke wangu. Nilikuwa nalia kama mtoto, yeye alikuwa anacheka. Msumeno wangu niliufungia humu, funguo shingoni."

Inspekta akatazama pengo. Lilikuwa pengo la kweli. Akatazama alichokiandika: safari ya saba, shwari, karatasi nyeupe, seremala hayupo.

Akakata mstari juu ya jina la Randa. Ilikuwa saa sita kasoro.

"Twende," alisema.

"Nimekamatwa?"

"Bado. Lakini penseli njoo nayo."

* * *

"Nionyeshe," Inspekta alimwambia Spiriti. "Usiniambie. Chukua chupa kubwa, jifanye ndiyo imetoka baharini sasa hivi, fanya kila kitu. Ukikuna pua baharini, ikune na hapa."

"Sikuni pua kazini," alisema Spiriti, ameumia.

Akajaza chupa ya lita kumi maji ya bomba. Akavaa glovu. Akafuta chupa kwa spiriti. Akafuta glovu. Akaandika namba ya safari kwenye karatasi ya gundi, akaibandika, akatazama kama imenyooka, akaibandua, akaibandika tena. Randa, mlangoni, akakohoa. Mtarajiwa alikuwa anang'ata kucha juu ya kreti lake.

"Sasa chupa inatulia nusu saa," alisema Spiriti. "Kama maelekezo yanavyosema."

"Tuseme nusu saa imepita. Kisha?"

"Kisha nachuja." Akanyoosha mkono kuelekea karatasi nyeupe, lakini njiani mkono ule ukapinda wenyewe, ukafungua droo, ukatoa kijiko kidogo cha chuma chenye mpini mrefu. Spiriti akakichovya juu ya uso wa maji, akainua, akachovya, akainua, kwa ustadi wa mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Inspekta.

"Ipi?"

"Hiyo unayofanya na kijiko."

"Ah. Hii natoa uchafu."

Mtarajiwa akaacha kucha. "Uchafu gani?"

"Uchafu wa huyu!" Kijiko kikamwelekea Randa. "Unga wake wa mbao! Chupa ikitulia unapanda juu wote. Chembe za kahawia, ndefundefu hivi, zimeshikana vitita vitita. Unatia kinyaa. Maelekezo yanasema wazi, maji yasiwe na uchafu unaoelea. Basi natoa moja moja. Saa nzima chupa moja, mgongo unaniuma, lakini siachi hata chembe. Wakati wa upepo analala, hakati, maji safi. Bahari ikitulia tu, anaanza, msumeno kuku-kuku-kuku, na chupa zangu zinajaa!"

"Muongo!" alisema Randa. "Dirisha lako huwa umelifunga na umelizungushia gundi!"

"Unapita kwenye tundu la ufunguo!"

"Nyamazeni," alisema Inspekta. Hakupiga ndoo safari hii. Sauti yake ilitosha. "Mzee wangu. Huo uchafu ukishautoa, unautupa wapi?"

Spiriti akamtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Ushahidi hautupwi, Afande. Wewe ni polisi, unajua."

Akavua uzi shingoni. Ulikuwa na ufunguo. Akafungua kabati la chini, la mwisho kabisa, kwenye kona isiyofikiwa na jua, akatoa kisanduku cha kadibodi, na kutoka kisandukuni akapanga mezani vichupa vitano vya kioo. Kila kimoja kilikuwa na karatasi iliyonyooka kabisa, yenye tarehe, idadi ya chupa, saa ya kuanza kuokota, saa ya kumaliza, na maneno yaleyale kwa herufi kubwa: USHAHIDI DHIDI YA SHEMEJI.

"Nilikuwa naviweka kwa ajili ya kikao cha familia," alisema. "Kaka yetu mkubwa akija mwezi ujao, nivimwage mezani. Dada yangu alinikatalia kwamba mumewe ni mchafu. Nikasema sawa, nitaleta kwa tarehe. Nimetia spiriti visioze."

"Kwa hiyo ndiyo wewe!" Randa akapiga kifua. "Ndiyo wewe uliyemjaza maneno! Nimelala sebuleni miezi minne, Shemeji! Minne! Kila nikirudi ananipukuta mlangoni kama mkeka!"

Inspekta hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinama, pua karibu na meza, akitazama vichupa kimoja kimoja. Safari ya tano. Ya sita. Ya saba.

"Mzee, hiki ni cha safari ya saba."

"Ndiyo. Hicho kimejaa kuliko vyote."

"Shemeji yako safari ya saba alikuwa nyumbani anaugua jino."

Spiriti akasoma tarehe yake mwenyewe. Akaisoma tena. "Utakuwa ulibaki kwenye mabomba," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejaribu kuegemea ukuta usiokuwepo.

"Na kitu kingine." Inspekta akakiinua kichupa juu ya mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na vitita vilivyopauka. Lakini spiriti yenyewe, iliyokuwa safi ilipotiwa, ilikuwa ya kijani. Kijani ya majani yaliyopondwa. "Fundi, njoo hapa. Wewe ni mtu wa mbao. Mbao gani hii, ukiiloweka kwenye spiriti, inatoa rangi ya kijani?"

Randa akakichukua, akakigeuza. Akatoa penseli sikioni bila sababu, akairudisha. "Kuna mbao inatoa nyekundu," alisema. "Kuna inatoa ya chai. Kuna moja ukiikata inanuka kama soksi. Ya kijani hakuna, Afande. Ya kijani ni jani. Mbao imekufa, hiki kilikuwa hai."

Kreti likaanguka. Mtarajiwa alikuwa ameshafika mezani, kashika kichupa kwa mikono miwili. Akatoa tone moja, akaliweka kwenye kioo, akakisukuma chini ya hadubini. Akatazama. Akakaa hivyo muda mrefu, mabega yakaanza kutikisika, na ilikuwa vigumu kujua analia au anacheka.

"Niambie," alisema Inspekta.

"Nyuzi," alisema. "Nyuzi, Afande, zimefungwa vitita kama kuni. Mia, mia mbili, sijui. Hawa ndio wenyewe. Wana vifuko vya hewa ndani, ndiyo maana wanaelea. Chupa ikitulia wanapanda juu wote, wanajipanga..." Akageuka ukutani, kwenye karatasi iliyopauka. "Hakikisha maji ni safi, hayana uchafu wowote unaoelea. Nimeandika mimi. Kwa mkono wangu. Nilimaanisha manyoya ya ndege!"

Inspekta akainama kwenye hadubini. Aliona msitu mweusi mnene, akashtuka. "Wakubwa hivi?"

"Hizo ni kope zako, Afande. Sogea nyuma kidogo."

Akasogea. Akawaona. Wamelala wamejipanga, kundi kwa kundi, kama mbuzi waliorudi wenyewe jioni.

"Hawakupotea," alisema, akafungua daftari. "Walihamishwa."

* * *

Profesa aliitwa saa saba na nusu. Aliambiwa yote mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mashemeji walikuwa wanamsaidia Inspekta kusimulia. Alitazama vichupa. Alisoma karatasi za ushahidi, tarehe kwa tarehe. Tai yake ikatulia.

"Hesabu unaweza kuzitoa humu?" alimwuliza Mtarajiwa.

"Naweza kuhesabu nyuzi moja moja. Najua uzi mmoja una kaboni kiasi gani. Lita zilezile, nusu saa ileile, mkono uleule, mpaka saa ya kumaliza kaandika! Profesa, miaka saba sijawahi kupata sampuli safi namna hii. Mimi mwenyewe nisingeweza."

"Basi leo hufutwi," alisema Profesa. Mtarajiwa akashika meza. "Nitawaambia hazikupikwa. Lakini sikiliza, mwanangu, usiruke bado. Mwaka mmoja kwa Kamati si msimu. Mwaka mmoja ni bahati. Watataka msimu wa joto wa pili, njia ileile, mtu yuleyule. Ukiwaletea huo, jina lako linatoka kwenye utarajiwa. Usipowaletea, tutakutana hapahapa, na Afande atakuwa amesharudi kwa mbuzi wake."

"Rahisi!" alisema Mtarajiwa. "Mzee, msimu unaanza mwezi ujao. Fanya kama ulivyofanya. Basi."

Lakini Spiriti hakuwa anasikiliza. Alikuwa amevua glovu, zote mbili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona maabara ile, na alikuwa amesimama mbele ya Randa kwa mikono mitupu.

"Shemeji," alisema. "Mwaka mzima nimekusingizia."

"Yamekwisha, Shemeji."

"Nimekuvunjia nyumba."

"Haijavunjika. Ni sebule tu, na kochi lenyewe nilitengeneza mimi." Randa akapangusa jicho kwa kiganja, chembe ya mbao ikabaki shavuni. "Halijanyooka tu. Limepinda. Ile rafu yako pia, Shemeji. Nakubali. Imepinda."

"Haijapinda. Kalamu ndiyo ilikuwa ya mviringo."

Wakakumbatiana. Unga wa mbao ukahamia kwenye koti jeupe, na Spiriti hakuufuta. Profesa akatazama dirishani. Hata Inspekta alifunga daftari taratibu, asije akatoa mlio.

"Kuanzia leo," alisema Spiriti, "sitakuwa na kinyongo na chembe yako yoyote. Hebu tazama." Akashika kile kijiko, akachovya kwenye chupa ya maji ya bomba, mara moja, mara mbili, kivivu, kama mtu anayekoroga chai asiyoitaka. "Unaona? Mkono haushiki tena. Ile kazi ilikuwa ya hasira, Afande. Saa nzima umeinama, bila hasira huwezi. Hasira inaona chembe ambazo macho hayaoni. Sasa nina amani moyoni, naona maji tu."

Na akakidondosha kijiko kwenye pipa la taka.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Kwenye korido miguu ya wanakamati ilishaanza kusikika. Mtarajiwa akapiga magoti, akaingiza mkono pipani mpaka kiwikoni, akatoka na kijiko, akakipangusa kwa gauni lake, akakishikilia mbele ya mashemeji wawili waliokuwa bado wameshikana.

"Wazee wangu," alisema, "nawaheshimu kama baba zangu. Mmenisaidia, Mungu awalipe. Lakini nawaomba kwa magoti, msipatane. Mpaka safari ya tisa tu."